Siku ya Kliniki kwa Wastaafu

Mzee akipangiwa kipimo cha sukari ya kufunga, kwa saa 8 hivi ni maji tu. Ndiyo maana alfajiri, Dar es Salaam, utawakuta mume na mke wastaafu kituo cha mwendokasi, chupa ya chai kikapuni, haijafunguliwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 humtambua mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi za umma zimewatengea dirisha lao. Foleni ya dawa, lakini, haijali mvi.

Mchana ni benki, umeme wa Luku, kisha mjukuu: chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, tena 18.

Msomaji, mwandalie mzee wako mfuko mmoja: kadi ya bima, daftari la kliniki, orodha ya dawa anazomeza.