Ukigeuza friji kuukuu kuwa jiko la moshi

Friji iliyokufa, ikitiwa koili ya umeme na sufuria ya vipande vya mbao, hubanika nyama kwa moshi vizuri sana nyuma ya nyumba. Sina ugomvi na ladha yake. Ugomvi wangu ni na rafu.

Rafu za friji za zamani huenda zilipakwa kadmiamu, madini yanayodhuru figo, na ndimu au siki tunayolowekea nyama huyayeyusha. Zing'oe, uweke za chuma cha pua. Waya wa mabati pia haufai, kwani una zinki. Plastiki ya ndani nayo itolewe yote, baada ya fundi kuondoa gesi.

Kisha nunua kipimajoto cha kudunga nyama. Kuku asiliwe kabla ya katikati yake kufika nyuzi 74 za Selsiasi. Usidanganywe na ngozi: moshi hupaka rangi upesi kuliko unavyoivisha.

Mvua ikianza, zima umeme. Usilikokote jiko hilo hadi ndani ya nyumba, kwani gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.