Kusita kwa Injini ya Kombi Kuukuu

Magari ya safari yenye kitanda na jiko ndani yake ni mengi, lakini ni machache yaliyopendwa kwa muda mrefu kama Kombi ya Volkswagen, iliyoanza kuundwa Ujerumani mwaka 1950, na ambayo umbo lake la pili, la tangu 1967, lingali barabarani hata leo. Maradhi yake mashuhuri ni kusita: dereva hukanyaga mafuta ili alipite lori au aingie barabara kuu, na injini, badala ya kuitika, hufifia kitambo kama iliyozimika, kisha hushtuka ikaenda. Kitambo hicho, katika njia panda yenye magari mengi, chatosha kuleta msiba.

Aghalabu lawama huangukia kabureta, nayo hufunguliwa na skrubu zake huzungushwa huku na huku hata asijue mtu zilikuwa wapi mwanzo. Rai yangu ni kwamba kabureta yastahili kushtakiwa mwisho, baada ya vali na moto wa plagi kuthibitika kuwa salama. Katika injini ya 1600 inayopoozwa kwa upepo, nafasi ya vali hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, nayo aghalabu ni milimita 0.15, na nafasi ya platini ndani ya distributa, chombo kigawacho cheche kwa plagi, ni kiasi cha milimita 0.4. Mambo haya yakiwa kombo, hapana kabureta itakayoyatengeneza.

Sasa tufahamu asili ya ila yenyewe. Mguu ukanyagapo kwa ghafula, kilango cha kabureta hufunguka, na hewa, kwa kuwa ni nyepesi, hukimbilia ndani mara moja, ilhali petroli, iliyo nzito, huchelewa; mchanganyiko ukawa na hewa nyingi kuliko mafuta, usiweze kuwaka sawasawa. Kwa sababu hiyo waundaji walitia pampu ndogo yenye utando, ambayo kila mguu ukanyagapo hurusha petroli ya ziada kooni mwa kabureta. Kuijaribu ni rahisi: injini ikiwa imezimwa na kupoa, wala pasiwe na moto karibu, ondoa chujio la hewa, chungulia kooni, kisha sukuma mkono wa kabureta kwa kidole. Petroli iruke papo hapo kwa nguvu. Ikichuruzika kwa unyonge, utando umechanika au tundu limeziba. Tazama pia mipira inayounga mabomba ya kuingizia hewa, kwani ikipasuka hewa ya wizi hupenya na kuuharibu mchanganyiko.

Lakini mambo yote haya yaweza kuwa timamu na gari lisite vilevile, na hapa ndipo wengi hupotea. Distributa ya asili ya Kombi nyingi ilikuwa na kikombe kilichovutwa na ombwe la kabureta, kikaiwahisha cheche mara tu kilango kilipoanza kufunguka. Miaka ilipopita, wenye magari haya waliiondoa wakatia ile ya Bosch iitwayo 009, kwa kuwa ni nyepesi kufunga na bei yake nafuu. Hiyo haina kikombe. Huiwahisha cheche kwa kasi ya mzunguko peke yake, kwa hiyo injini inapotoka katika mwendo wa kungoja cheche huchelewa, nayo husita, hususan ikiwa na kabureta ya Solex 34 PICT-3. Dawa ya hakika ni kurudisha distributa yenye kikombe, wala si kumwagisha petroli zaidi.

Na wewe msomaji mwenye Kombi, kabla hujagusa lolote kati ya haya, kagua mipira ya petroli iliyo karibu na injini, na ukiiona imekakamaa au ina nyufa, ibadilishe siku hiyo hiyo. Kiwiliwili cha injini hii kimesubiwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu, nayo ikishika moto ni vigumu mno kuuzima.