Fungate si Ndoa: Kubadilika kwa Mahitaji ya Insulini kwa Watoto Wenye Kisukari

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumezoea kuichambua darasani kwa kutazama muundo wake, maana yake ya juu na ile ya ndani, kisha tukaifunga pamoja na daftari. Makala haya yananuia kuichukua methali iyo hiyo na kuipeleka katika wodi ya watoto. Yanadhamiria kufafanua kwa nini mtoto aliyegunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya kwanza huhitaji insulini nyingi mwanzoni, kisha kidogo sana, kisha nyingi tena. Aidha, yatadokeza nafasi ya lugha katika suala hili.

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana lipi la kusema kuhusu kongosho na sindano. Mpwa wangu aligunduliwa kuwa na maradhi haya akiwa na umri wa miaka minane. Alikuwa na uzito wa kilo 24, na alipotoka hospitalini alikuwa akidungwa jumla ya yuniti 24 za insulini kwa siku. Baada ya wiki chache kipimo kilishuka hadi yuniti 12, kisha 8, na hatimaye 5. Muuguzi akamweleza dada yangu kwamba mtoto alikuwa ameingia katika fungate. Kijitabu alichopewa kilikuwa cha Kiingereza kitupu. Mama yangu, ambaye ndiye nyanya yake mtoto, alipolisikia neno fungate alipiga vigelegele. Kwake, fungate ni furaha, na shida imekwisha. Ikaamuliwa kwamba sindano ziachwe ili mwili wa mtoto upumzike. Siku kumi hivi baadaye mtoto alishikwa na mafua, akaanza kutapika na kuhema kwa kasi, na usiku huo tukamrudisha hospitalini akiwa hajitambui. Alinusurika. Tangu siku hiyo nimeamini kuwa istilahi isiyofafanuliwa yaweza kuwa sumu.

Kisukari cha aina ya kwanza ni nini?

Nyuma ya tumbo la chakula kuna ogani iitwayo kongosho. Ndani ya kongosho mmetapakaa vikundi vidogo vya seli ambavyo mtaalamu wa Kijerumani, Paul Langerhans, alivieleza mwaka wa 1869, na ambavyo hadi leo huitwa visiwa vya Langerhans. Katika visiwa hivyo mna seli za beta, ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni ya insulini. Tunaweza kuilinganisha insulini na bawabu. Sukari itokanayo na ugali, wali au ndizi husafiri katika damu hadi kwenye milango ya seli za mwili, na bawabu huyu ndiye awezeshaye milango mingi kati ya hiyo kufunguliwa ili sukari iingie na kutumiwa kama nguvu.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, mfumo wa kinga wa mwili, ambao jukumu lake ni kupambana na viini vya magonjwa, huzigeukia seli za beta na kuziangamiza. Askari humshambulia mwenye nyumba. Uharibifu huu huendelea kimyakimya kwa miezi au hata miaka kabla ya dalili kujitokeza. Hatimaye bawabu huadimika. Sukari hurundikana katika damu ilhali seli zina njaa. Mtoto hukojoa mara kwa mara, huwa na kiu isiyokatika, hukonda na kuchoka. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Mwili ukikosa sukari huchoma mafuta kwa wingi, na mabaki yake, yaitwayo ketoni, huifanya damu kuwa na asidi. Hapo ndipo mtoto hutapika, huumwa na tumbo, huhema kwa nguvu, pumzi yake hunukia kama matunda, na asipotibiwa hupoteza fahamu na kufa. Dalili hizi zaweza kudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo, na muda wa thamani ukapotea.

Ni muhimu kusisitiza kwamba kisukari hiki hakiletwi na kula sukari. Jina lenyewe la maradhi limewapotosha wengi, na mama wengi wamejilaumu bure kwa chai waliyowapa watoto wao.

Kabla na baada ya insulini

Kabla ya mwaka wa 1922, kugunduliwa kuwa na kisukari cha aina hii kulikuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Tiba iliyokuwapo ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula ili aishi miezi michache zaidi. Mnamo mwaka wa 1921 mjini Toronto, nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya profesa J. J. R. Macleod, walifaulu kupata kutoka katika kongosho za mbwa kiowevu kilichoshusha sukari. Mwezi wa Januari mwaka wa 1922, mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alidungwa kiowevu cha namna hiyo. Sindano ya kwanza haikuleta tija kubwa. Baada ya mwanakemia James Collip kukisafisha zaidi, sukari yake ilishuka na akapata nguvu. Banting na Macleod walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 1923.

Tangu hapo swali halikuwa tena iwapo mtoto ataishi, bali anahitaji insulini kiasi gani. Jibu la swali hili hubadilika kila uchao.

Kwa nini mahitaji hushuka?

Mtoto anapogunduliwa, seli zake za beta huwa hazijafa zote. Baadhi zingali hai, ila zimelemewa. Sukari nyingi katika damu ni sumu kwa seli hizi. Huzipumbaza zikashindwa hata na kazi ndogo ambayo zingeiweza. Wakati uo huo, maradhi yenyewe, asidi katika damu na homoni za msongo huufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini. Kwa hivyo siku za mwanzo mtoto huhitaji kipimo kikubwa, mara nyingi karibu na yuniti moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wakati mwingine zaidi.

Matibabu yakishaanza, mambo mawili hutokea. Kwanza, insulini ya sindano huzipunguzia mzigo seli zilizosalia, nazo hupata ahueni na kuanza tena kutoa insulini kidogo. Pili, sukari na asidi zikishatulia, mwili huwa mwepesi wa kuitikia insulini. Matokeo yake ni kwamba katika siku au wiki chache mahitaji ya sindano hupungua. Wataalamu husema mtoto amefikia kipindi hiki iwapo anatumia chini ya nusu yuniti kwa kila kilo kwa siku, huku kipimo cha wastani wa sukari cha miezi miwili au mitatu, kijulikanacho kama HbA1c, kikiwa chini ya asilimia 7. Mpwa wangu, kwa yuniti zake 5, alikuwa ametimiza sharti la kwanza kwa mbali.

Kipindi hiki hakiwajii watoto wote kwa usawa. Walio chini ya miaka mitano, na wale waliofikishwa hospitalini wakiwa tayari na asidi katika damu, huwa na nafasi ndogo ya kukipata. Chaweza kudumu wiki kadhaa, miezi, na mara chache zaidi ya mwaka. Lililo yakini ni kwamba hukoma, kwa kuwa mfumo wa kinga haujaacha vita vyake.

Hatari za pande mbili

Kipindi hiki kina hatari mbili zinazokinzana. Hatari ya kwanza ni kuendelea kumpa mtoto kipimo kile cha mwanzo. Bawabu wakizidi, sukari yote huingia ndani na damu hubaki tupu. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, yaani milimoli 3.9 kwa lita, mtoto hutokwa na jasho, hutetemeka, huhisi njaa na hata kuchanganyikiwa. Ikizidi kushuka hupatwa na degedege. Anayeweza kumeza apewe upesi maji ya sukari, soda yenye sukari au sharubati, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe chochote kinywani, bali akimbizwe hospitalini. Ndiyo maana daktari hupunguza kipimo hatua kwa hatua kwa kufuata matokeo ya glukomita.

Hatari ya pili ndiyo iliyotufika sisi: kudhani kwamba kupungua ni kwisha. Hata yuniti tano zina kazi yake. Mtoto akipata homa au maambukizi, mahitaji ya mwili huweza kupanda kwa ghafla, na akiwa hana insulini kabisa ketoni hujaa. Kanuni ni moja: kipimo hupunguzwa au huongezwa kwa ushauri wa daktari, lakini insulini haiachwi, hata siku ambayo mtoto amekosa hamu ya chakula.

Baada ya nafuu

Seli zilizosalia zinapoendelea kufa, mahitaji hupanda polepole. Mtoto ambaye hajabalehe kwa kawaida hufikia yuniti kati ya 0.7 na 1.0 kwa kilo kwa siku. Anapoingia ubalehe, homoni za ukuaji huupinga utendaji wa insulini, na kipimo huweza kupita yuniti 1.2 na hata kukaribia 2 kwa kilo. Ukuaji ukishakamilika, mahitaji hushuka tena. Juu ya hayo, mchezo wa kandanda jioni hupunguza mahitaji, ilhali ugonjwa mara nyingi huyaongeza.

Katika hatua hii familia nyingi huvunjika moyo. Mzazi huona yuniti zikiongezeka na kudhani kwamba tiba imeshindwa, au kwamba mtoto anakula peremende kwa siri. Mpwa wangu aliulizwa swali hilo mara nyingi, naye hakuwa na kosa. Kuongezeka kwa kipimo si adhabu, wala si ushahidi wa wizi wa sukari. Ni mwendo wa maradhi yenyewe na dalili kwamba mtoto anakua.

Suala la istilahi

Sasa tulirejelee neno fungate. Waingereza hukiita kipindi hiki kwa jina la mapumziko ya maarusi, nasi tukatafsiri sisisi. Neno letu, hata hivyo, lina historia yake. Katika Kiswahili cha kale, mfungate ilikuwa ndiyo namba saba, kabla ya neno saba lenye asili ya Kiarabu kuenea. Fungate zilikuwa siku saba za maarusi kukaa ndani. Kwa hivyo katika kiini cha neno hili mna hesabu na mna ukomo. Msemaji wa leo amebakiza furaha, akaisahau hesabu.

Mtoto aliporudi nyumbani mara ya pili, niliketi na mama yangu.

"Mama," nikamuuliza, "zamani fungate ilikuwa siku ngapi?"

"Saba, mwanangu."

"Na siku ya nane?"

"Siku ya nane watu hutoka nje wakashika kazi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mtoto hakupona. Alikuwa amekaa fungate tu."

Maelezo ya dakika moja yalifanya kazi ambayo kijitabu kizima hakikuweza. Ninapendekeza basi kwamba katika maandishi ya afya tutumie istilahi nafuu ya muda. Kiswahili hutofautisha wazi kupata nafuu na kupona; hata mtoto mdogo anajua kwamba aliyepata nafuu angali anameza dawa. Fungate nayo isitupwe, bali itumiwe kama mfano wa kufafanulia, mradi ukomo wake utajwe.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba mahitaji ya insulini kwa mtoto hupanda, hushuka na kupanda tena kwa sababu zinazoeleweka, na kwamba kushuka kwake ni nafuu wala si kupona. Yamebainisha pia kuwa maarifa haya hayamfai mzazi yakibaki katika lugha asiyoimudu. Ni jukumu letu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kushirikiana na wauguzi na madaktari katika kuviandika upya vijitabu hivi kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kuvisoma mbele ya nyanya zetu kabla ya kuvichapisha.

Mpwa wangu sasa ana miaka 12 na yuko Gredi ya 7. Ana uzito wa kilo 38 na hudungwa yuniti 42 kwa siku. Nyanya yake hajui kusoma glukomita, lakini kila asubuhi, kabla ya kumwekea chai, humuuliza kama ameshadungwa.