Alama ya A pekee haikufikishi chuo kikuu ng'ambo

JANUARI 9, 2025, matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) wa mwaka uliotangulia yalipotangazwa, watahiniwa 246,391 walikuwa wamefikisha alama ya C+ au zaidi, na miongoni mwao 1,693 walikuwa na A. Kama ilivyo ada, vijana walibebwa juujuu, nyimbo zikaimbwa na wazazi wakahojiwa na wanahabari. Na kama ilivyo ada pia, baadhi ya wazazi hao walianza kuuliza swali moja: Je, alama hizi haziwezi kumfikisha mtoto wangu Marekani au Uingereza?

Zinaweza. Ila kufikia siku hiyo, vyuo vikuu vya Marekani vyenye ufadhili mnono zaidi kwa wageni, Harvard na Yale vikiwemo, vilikuwa vimefunga maombi wiki moja hivi iliyotangulia.

Kuchelewa huku si bahati mbaya. Kunatokana na jinsi tulivyozoea kuingia chuo kikuu humu nchini. Shirika la KUCCPS huchukua alama za mwanafunzi, hupiga hesabu ya pointi katika masomo manne yanayohusiana na kozi aliyoitaka, kisha huwapanga wanafunzi kuanzia wa juu kushuka chini. Mwenye C+ kwenda juu ana haki ya kuwania shahada. Hakuna anayeulizwa yeye ni nani, alifanya nini baada ya masomo ya jioni, wala mwalimu wake anamfahamu vipi. Matokeo yakishatoka, kilichosalia ni kujaza fomu.

Ng'ambo, hususan Marekani, matokeo hayo ni karatasi moja tu katika faili nene. Na faili hilo hujengwa kwa miaka minne ya sekondari.

Kabla ya kulifungua faili hilo, yafaa tutofautishe mataifa haya mawili ambayo wazazi wengi huyataja kwa pumzi moja. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, ulifuta kidato cha tano na cha sita, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka wa 1989. Mwanafunzi wa Kenya basi humaliza sekondari akiwa na miaka 12 ya masomo. Mmarekani naye humaliza baada ya miaka 12. Kwa hivyo chuo cha Marekani hukitazama cheti cha KCSE kama cheti cha kumaliza sekondari, na mwenye nacho huweza kuomba shahada ya kwanza ya miaka minne bila daraja jingine.

Uingereza hesabu ni tofauti. Kijana wa huko husoma miaka 13, miwili ya mwisho akijikita katika masomo matatu hivi ya kiwango cha A, na shahada yake nyingi huchukua miaka mitatu. Machoni mwa vyuo vingi vya huko, mwenye KCSE amepungukiwa mwaka mmoja, hata awe na A. Hutakiwa aufidie kwa kusoma mwaka wa matayarisho, ambao hulipiwa karo yake, au awe na cheti cha kiwango cha A. Baadhi ya vyuo hukubali mwaka mmoja uliosomwa vizuri katika chuo kikuu kinachotambulika nyumbani. Majirani zetu wa Uganda na Tanzania, ambao hawakuvifuta vidato vya tano na sita, hawana tatizo hili kwa kiasi kama chetu. Ni jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla ya kuuza ng'ombe, maadamu mwaka mmoja wa ziada Uingereza ni gharama ya kutisha.

Maombi ya Uingereza hupitia shirika moja, UCAS, ambapo mwanafunzi huchagua kozi zisizozidi tano. Anayetaka Oxford au Cambridge, na hawezi kuomba vyote viwili mwaka mmoja, sharti awasilishe maombi kufikia Oktoba 15 ya mwaka unaotangulia kuingia chuoni, sawa na anayetaka kusomea udaktari. Wakati huo mtahiniwa wa KCSE bado yumo darasani akidurusu. Waingereza humpima kwa somo aliloomba: analipenda kiasi gani na amesoma nini nje ya silabasi. Habari za uongozi wa skauti na ushindi wa tamasha za muziki haziwagusi sana.

Mmarekani hutaka yote mawili, na mengine juu yake.

Tuanze na ripoti za muhula. Chuo cha Marekani huitisha rekodi ya masomo ya miaka minne, kidato cha kwanza hadi cha nne, iliyopigwa muhuri na kutumwa na shule yenyewe. Shule zetu nyingi hazina desturi ya kutunza rekodi ya aina hiyo katika waraka mmoja. Zilicho nacho ni ile ripoti fomu ambayo mwanafunzi hupeleka nyumbani na ambayo, tuwe wakweli, huishia kufungiwa sukari au kupotelea chini ya godoro. Mwanafunzi anayekusudia kuomba na azihifadhi zote kumi na mbili. Asipofanya hivyo atalazimika kumrai naibu wa mwalimu mkuu apekue madaftari ya miaka mitatu iliyopita.

Kuna pia suala la cheti chenyewe. Hati ya matokeo inayotolewa mwanzoni si cheti. Cheti hufika shuleni miezi kadhaa baadaye, na si siri kwamba shule nyingi zimekuwa zikikizuilia endapo kuna salio la karo. Chuo cha ng'ambo huenda pia kikataka Baraza la Mitihani (KNEC) lithibitishe matokeo hayo lenyewe, huduma inayoombwa kupitia mtandao wa baraza na kulipiwa. Jina katika cheti lilingane na lile la pasipoti. Aliyeandikwa majina matatu kwenye cheti na mawili kwenye pasipoti atajieleza mara nyingi asizozitarajia.

Barua za walimu ndizo huwakwaza wengi zaidi. Katika desturi yetu, barua ya mwalimu mkuu ni aya moja: mwanafunzi huyu ana nidhamu, ana bidii, alikuwa kiranja, msaada wowote atakaopewa utathaminiwa. Barua hiyo inatosha kumpatia mtu kibarua au basari ya eneobunge. Kwa afisa wa Marekani aliye na maelfu ya maombi mezani, haisemi lolote. Yeye hutaka barua ya mwalimu wa somo aliyemfundisha kijana huyo, ikieleza kisa: siku aliyokataa jibu la kitabu cha hesabu na kuthibitisha ubaoni kuwa kitabu kimekosea, au jinsi alivyowakusanya wenzake wa kidato cha pili walioshindwa na kemia. Mwalimu wa darasa la wanafunzi 60 hawezi kuvikumbuka visa hivyo Desemba, wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Mwanafunzi amwombe mapema na amkumbushe kwa upole waliyoyapitia pamoja.

Insha nayo ina maneno yasiyozidi 650 katika ile fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo zaidi ya elfu moja vya Marekani. Sisi tumefunzwa insha za kufungua kwa jua lililochomoza mashariki na ndege waliotumbuiza, na methali ya kufungia. Lugha hiyo ina utamu wake, wala siidharau. Lakini insha ya maombi hutafuta sauti ya mtu mmoja akisema jambo moja la kweli kuhusu maisha yake. Kijana aliyekuwa akiuza mitumba Gikomba kila likizo na akajifunza kukisia bei ya nguo kwa kuigusa tu, ana insha tayari. Tatizo ni kwamba yeye huiona habari hiyo kuwa ya aibu, akaiacha, akaandika juu ya ndoto yake ya kuliokoa bara la Afrika.

Kuhusu mitihani ya ziada, hali imebadilika mara mbili katika muda mfupi. Janga la corona lilipozuka 2020, vyuo vingi vya Marekani viliacha kulazimisha mtihani wa SAT au mwenzake ACT. Baadaye baadhi vilirejea msimamo wa awali: MIT mwaka wa 2022, kisha Dartmouth na Harvard mwaka wa 2024. Kwa hivyo ushauri wa binamu aliyeomba miaka minne iliyopita usichukuliwe kama ulivyo. Kila chuo kina sharti lake, na liko katika tovuti yake. SAT siku hizi hufanywa kwa kompyuta.

Ya Kiingereza ni IELTS, TOEFL na mingineyo. Wakenya wengi hushangaa kuulizwa mtihani huu ilhali wamesoma kwa Kiingereza tangu utotoni. Vyuo vingi vya Marekani huusamehe kwa sababu hiyo hiyo, mradi mwanafunzi aombe msamaha huo. Uingereza, Kenya haimo katika orodha ya serikali ya mataifa ambayo raia wake hawahitaji kuthibitisha Kiingereza chao. Hata hivyo, chuo chenyewe kinaweza kumpima mwanafunzi wa shahada, na baadhi hukubali alama ya somo la Kiingereza katika KCSE. Uliza kabla ya kulipa. Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu, hivyo hakuna faida ya kuufanya mtihani ukiwa kidato cha pili.

Sasa pesa, na hapa ndipo wengi hukwama wakiwa wameshakubaliwa. Mwaka mmoja Harvard, ukijumlisha karo, malazi na chakula, hupita dola 80,000, yaani zaidi ya Sh10 milioni. Hakuna mwalimu wala mkulima wa chai anayeweza kulipa. Kwa bahati njema, vipo vyuo vichache ambavyo humchagua mwanafunzi wa kigeni bila kutazama mfuko wa mzazi wake, kisha hufidia chochote ambacho familia haiwezi: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwavyo. Vingine vingi hutoa msaada, ila huuweka mizani. Anayeomba pesa nyingi hupunguza uwezekano wake wa kuchukuliwa. Vyuo vya umma vya majimbo, kwa kawaida, huwa na msaada kidogo mno kwa mgeni. Uingereza msaada kwa wageni wa shahada ya kwanza ni haba zaidi.

Ajabu ni kwamba, kwa mtoto wa maskini mwenye alama za juu, chuo ghali zaidi ndicho huenda kikawa cha bei nafuu zaidi.

Anayeomba msaada hueleza mapato ya familia. Mzazi wa jua kali asiye na hati ya mshahara asikate tamaa, wala asibuni takwimu. Maelezo ya kweli ya shamba, mifugo na biashara, yakiambatana na barua ya chifu pale chuo kinapoikubali, ni bora kuliko taarifa ya benki iliyojazwa kwa mkopo wa wiki moja.

Wanafunzi wa mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka wa 2004 na mwanahabari John Manners pamoja na mwanariadha wa zamani, Profesa Mike Boit, hufuata ratiba ya busara: huchaguliwa baada ya KCSE, hutayarishwa kwa mitihani na insha, kisha huomba kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mwaka mmoja nyumbani si mwaka uliopotea. Hata asiye katika mpango wowote anaweza kuuiga utaratibu huo.

Asichoweza kuiga bila hatari ni njia ya mkato. Mwaka wa 2023, wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai fedha walizolipa chini ya mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto wao Finland na Canada, na suala hilo likafika mbele ya Seneti. Walikuwepo waliouza mashamba. Mpango huo uliitwa kwa jina lile lile lililobaki vinywani tangu Septemba 1959, ndege iliyopangwa na Tom Mboya ilipoondoka Nairobi na wanafunzi 81 kuelekea Marekani. Jina lilikuwa na heshima, na heshima hiyo iliwatuliza watu. Njia ya kujikinga ni kavu lakini inafanya kazi: barua ya kukubaliwa ithibitishwe kwa kuandikia ofisi ya usajili kupitia anwani iliyo katika tovuti ya chuo, si ile iliyo kwenye barua yenyewe, na karo ilipwe katika akaunti ya chuo, kamwe si ya wakala.

Aliyekubaliwa Marekani na kuonyesha pesa za angalau mwaka wa kwanza, zake au za ufadhili, hutumiwa na chuo hati ya I-20. Hapo hulipa ada ya SEVIS ya dola 350 na ile ya viza, dola 185, kisha huhojiwa ubalozini Gigiri. Afisa hutaka kusadiki mambo mawili: kwamba ni mwanafunzi kweli, na kwamba ana sababu ya kurudi kwao. Tangu Juni 2025, waombaji wa viza za masomo wametakiwa pia kuziacha wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Kwa kijana wa miaka 18, hilo ni la kufikiria mapema.

Limesalia swali la wadogo wao. Kundi la mwisho la KCPE lilifanya mtihani 2023, na ndilo litakalofanya KCSE 2027. Nyuma yao wamo waliojiunga na Gredi ya 10 Januari 2026 chini ya mtaala wa umilisi, watakaomaliza 2028. Kwao pia miaka ni 12, hivyo ile hesabu ya Uingereza haibadiliki. Kitakachobadilika ni cheti. Afisa wa ng'ambo aliyezoea kusoma A hadi E katika masomo saba au manane atakutana na karatasi mpya, na shule italazimika kumweleza inasema nini. Wanafunzi hao wamo katika Gredi ya 10 sasa, na ripoti zao za muhula wa kwanza tayari ni sehemu ya faili.