Mtoto anateleza kilimani? Tuanze na namna ya kusimama

Babati. Mama mmoja wa hapa mjini alinionyesha kaptula ya mwanawe iliyochanika nyuma. Mtoto hukalia kipande cha dumu na kuteremka nacho kilimani. Akaniuliza, "Nimkataze?"

Nilimweleza kuwa kwenye nchi zenye theluji mchezo huo una kanuni zake. Wachezaji hufunga kwenye viatu skii, yaani mbao mbili ndefu na nyembamba, na wana mitindo minne mikuu.

Wa kwanza ni wa masafa marefu. Kisigino huachwa huru, na mchezaji hujisukuma kwa fimbo mbili, tambarare na mlimani. Unahitaji pumzi kama riadha. Mkenya Philip Boit, aliyetoka kwenye mbio za kawaida, alishiriki kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri na kumkumbatia.

Wa pili ni wa kuteremka mlima, kisigino kikiwa kimefungwa. Kasi yaweza kupita kilomita 100 kwa saa, na goti ndilo huumia sana. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwa mtindo huu Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018.

Wa tatu ni kuruka kutoka kwenye njia ndefu ya mteremko, na wa nne ni sarakasi za hewani.

Lakini kabla ya yote hayo, mtoto anayeanza hupelekwa kwenye mteremko mdogo, akavaa kofia ngumu na kufundishwa kupunguza mwendo na kusimama.

Dumu halina breki. Kwa hiyo, mzazi, kague kilima mwenyewe: kiishie kwenye uwanja wa nyasi, si barabarani, kwenye mawe wala korongoni. Mtoto atangulize miguu, kamwe asitangulize kichwa, na wateremke mmoja mmoja.

Akigonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa, akapata degedege au kulalamika kichwa kinazidi kuuma, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja.

Yule mama hakumkataza mwanawe. Walikwenda kilimani pamoja, wakachagua upande mwingine usio na mawe.