Pointi nne za kuingilia, na hesabu inayosubiri ndani

Wanafunzi wawili wamesoma tahasusi moja ya HKL, Historia, Kiswahili na Kiingereza, wakaketi darasa moja, na matokeo yao yakatoka siku moja. Wa kwanza ana D mbili na S. Wa pili ana D moja na E mbili. Baraza la Mitihani limewapa wote Divisheni ya Tatu, pointi 14. Majirani wamewapongeza sawasawa. Lakini wakiomba shahada ya sosholojia, wa kwanza ana sifa na wa pili hana.

Kila mwaka mwezi wa Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, napigiwa simu na wazazi wanaoamini kwamba mtoto wao amedhulumiwa. Hajadhulumiwa. Zipo hesabu mbili za pointi, nazo zinakwenda kinyumenyume. Kwenye divisheni A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu, na mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri. Kwenye udahili wa chuo kikuu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S inapewa nusu. Hapa yanahesabiwa masomo mawili tu, na mwenye pointi nyingi ndiye anayesogea mbele.

Kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ni ufaulu mkuu katika masomo mawili, ule wa A hadi E ambao wanafunzi huuita prinsipo, wenye jumla isiyopungua 4.0. D mbili zinatoa nne. C na E zinatoa nne. D na E zinatoa tatu, na ile E ya somo la tatu haimwokoi mtu. General Studies nayo haiingii kwenye hesabu hii hata ungeifaulu vipi. Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 wana jedwali lao, maana matokeo ya miaka hiyo miwili yalikuwa na alama ya B+. Kwao C ni pointi 2, si 3. Nimeona mtu mzima, mtumishi wa halmashauri, akijipa pointi sita kumbe ana nne. Alibahatika kwamba hata nne zilimtosha.

Sasa, masomo hayo mawili ni yapi? Hapa ndipo sosholojia inapotofautiana na udaktari au uhandisi. Anayetaka kuwa daktari lazima atoke na Fizikia, Kemia na Biolojia. Bila hizo hana mjadala. Sosholojia haiwezi kudai kitu kama hicho, kwa sababu mwanafunzi wa HKL, au wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), hajawahi kuketi kwenye kipindi cha sosholojia. Wote wanaianza upya chuoni. Kwa hiyo orodha ya masomo yanayokubalika huwa ndefu: Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Uchumi, na vyuo kadhaa hupokea hata waliotoka na masomo ya sayansi. Mlango ni mpana, na upana huo ndio unaowaponza wengi, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya hapo, niwaguse wasiopita kidato cha sita. Wapo wanaoingia kwa sifa linganishi. Mwenye stashahada ya fani inayokaribiana, kwa mfano maendeleo ya jamii, anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na angalau masomo manne aliyofaulu kidato cha nne. Wengi hukwama hapo kwenye cha nne, si kwenye stashahada. Ipo pia programu ya foundesheni ya Chuo Kikuu Huria, nayo inadai GPA ya 3.0, na upo mtihani wa kutambua maarifa aliyoyapata mtu nje ya darasa. Hivyo vyote ni sakafu. TCU huweka kiwango ambacho chuo hakiruhusiwi kushuka chini yake. Kupanda juu ni hiari ya chuo. Tangu mwaka 2017 waombaji wanapeleka maombi moja kwa moja chuoni badala ya kupitia mfumo wa pamoja wa TCU, hivyo nafasi zikiwa chache na waombaji wengi, D mbili zitakufikisha mlangoni tu.

Zamani mlango huu ulikuwa na sharti jingine ambalo vijana wa leo hawalijui. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilifuta utaratibu wa kutoka kidato cha sita na kwenda moja kwa moja Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukimaliza, uliingia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha ukafanye kazi miaka isiyopungua miwili, kiwandani, shuleni au ofisini, na urudi na maoni mazuri ya mwajiri na ya chama tawala. Baadaye wasichana walilegezewa sharti hilo, na katika miaka ya themanini likaondolewa. Lilikuwa na kasoro zake. Maoni ya chama yangeweza kumfungia mtu kwa chuki binafsi. Lakini kwa sosholojia peke yake, nasema bila kuona haya kwamba lilikuwa na maana. Mwanafunzi aliyekwisha kupokea mshahara, akabishana na msimamizi na kupanga chumba, haelezwi kwa shida tabaka ni nini.

Turudi kwenye upana wa mlango. Ukiwauliza wanaoanza mwaka wa kwanza kwa nini wamechagua sosholojia, jibu linalorudi mara nyingi ni hili: haina hesabu. Mwanafunzi wa HKL hakusoma hata ile hisabati tumizi ya msingi, BAM, wanayoisoma wenzake wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), kwa hiyo mara ya mwisho kushika Hisabati ilikuwa kidato cha nne, na Hisabati ya kidato cha nne ni mtihani ambao kwa miaka mingi wanaofeli wamekuwa wengi kuliko wanaofaulu. Anafika chuoni akiamini amelikimbia jinamizi. Kisha ratiba inabandikwa, na humo mna takwimu na mbinu za utafiti.

Takwimu hizo hazikuingizwa ili kuwakomoa watu. Taaluma yenyewe imejengwa juu yake. Mfaransa Émile Durkheim alipochapisha kitabu chake kuhusu kujiua mwaka 1897, hakwenda kuwahoji wafiwa. Alikaa na majedwali ya vifo ya nchi za Ulaya, akakokotoa viwango, akalinganisha Waprotestanti na Wakatoliki, waliooa na wasiooa. Tendo ambalo kila mtu aliliona ni siri ya moyo wa mtu mmoja likaonekana lina mpangilio unaofuata jamii. Bila kujua uwiano ni nini, na kwa nini watu mia wa mji mdogo si sawa na watu mia wa mji mkubwa, huwezi kuona alichokiona.

Au chukua sensa zetu. Mwaka 2012 tulihesabiwa 44,928,923. Mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Katika miaka hiyo kumi wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 4.7 hadi 4.3. Gazeti litaandika kwamba familia zinapungua, likaishia hapo. Mwanasosholojia hapo ndipo anapoanza kazi. Kaya ni nini? Kwa lugha ya sensa ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Basi kijana aliyeondoka kwa wazazi wake Korogwe akapanga chumba Mbagala amekuwa kaya ya mtu mmoja, ingawa kila mwezi anatuma hela nyumbani na mchele unatoka huko. Je, familia imepungua au imetawanyika? Mwanamume mwenye wake wawili alihesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, hivyo nyumba moja ilipata baba na nyingine ikaandikwa haina. Kwenye boma la Wamaasai kila mke ana nyumba yake na jiko lake: hizo ni kaya ngapi? Wastani wa 4.3 ni sahihi, lakini hauwezi kujibu maswali hayo. Anayeweza kuyajibu ni mtu anayejua kusoma jedwali na anayejua pia kubisha hodi na kuuliza.

Kuuliza nako kunafundishwa, na kuna ugumu wake hapa kwetu. Mihadhara ni ya Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, dodoso linaandikwa kwa Kiingereza ili msimamizi alipitishe, halafu mwanafunzi anakwenda kulitumia Kisarawe kwa Kiswahili, akitafsiri papo hapo huku mama anayehojiwa ana sufuria jikoni. Swali moja linatoka kwa namna tatu kwa watu watatu. Huko field, kama wanavyokuita wenyewe, ndiko wengi hugundua kwamba Kiswahili cha prinsipo si pambo la cheti. Nimesoma ripoti za mwaka wa tatu ambazo udhaifu wake wote ulianzia kwenye neno moja lililotafsiriwa vibaya.

Na kuna kusoma. Shahada ya kwanza katika mfumo wetu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600 kwa miaka mitatu. Mhadhara ni sehemu ndogo tu ya saa hizo; zilizobaki ni za maktaba, semina na kazi za kuandika, na humo wamo Marx, Weber na Durkheim, watu wasiosomeka kwa usiku mmoja kabla ya mtihani. Anayetegemea noti za kaka yake ataishia kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, kisha keri, yaani kubeba somo hadi mwaka unaofuata, na wapo wanaodisko, yaani kuondolewa chuoni. Mwishoni ukiwa na GPA chini ya 2.0 hakuna shahada. Daraja la kwanza linaanzia 4.4.

Wenzangu wengine wanataka mlango ubanwe: aingie tu mwenye angalau D ya Hisabati ya kidato cha nne. Siungi mkono. Sharti hilo lingewafungia kwanza wale waliosoma shule za kata zisizo na mwalimu wa Hisabati, na hao ndio sosholojia inawahitaji kuliko wote, maana wanazijua jamii ambazo sisi tunaziandikia ripoti. Ninachotaka ni uwazi na msaada. Kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, chini ya pointi nne, iandikwe kwamba programu hii ina takwimu, na mwaka wa kwanza uanze kwa wiki kadhaa za kuwarudisha watu kwenye asilimia, uwiano na wastani. Mtu mzima anayepiga faida ya genge lake kichwani hashindwi na wastani; ameogopeshwa tu.

Jambo jingine linalochanganya wazazi ni sosholojia na ustawi wa jamii. Si kitu kimoja. Ustawi wa jamii ni taaluma ya kuhudumia: mtoto aliyetelekezwa, familia iliyovurugika, mgonjwa asiye na ndugu. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama ilianzishwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo. Sosholojia inachunguza kwa nini watoto wa aina fulani ndio wanaotelekezwa. Serikalini, nafasi za Afisa Maendeleo ya Jamii zimekuwa zikipokea wenye sosholojia. Za Afisa Ustawi wa Jamii zina masharti yake. Usisubiri kumaliza ndipo usome tangazo la kazi. Lisome kabla ya kujaza fomu.

Kwa jirani zetu mambo ni tofauti kidogo. Kenya, kwa waliopita mfumo wa 8-4-4, sharti la shahada ni wastani wa C+ kwenye KCSE, hakuna kidato cha tano na sita, na shahada ya sanaa huchukua miaka minne. Uganda inafanana nasi kwa kudai prinsipo mbili. Mtanzania mwenye cheti cha huko, au cha nchi nyingine yoyote, akipeleke kwanza Baraza la Mitihani kikapewe ulinganifu.

Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, thibitisha kimoja ndani ya muda uliopangwa. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa kusubiri. Na mwongozo wa udahili ni wa mwaka wake tu: huu unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp uangalie jaladani kwanza, maana mara nyingi ni wa mwaka juzi. Wa mwaka huu unapatikana bure kwenye tovuti ya TCU.