Picha ya aliyeokolewa ni mali ya nani?

Oktoba 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja na watu 55 waliokombolewa utumwani, wanaume 31 na wanawake 24. Walishukia Lindi, wakapanda bara. Nia ilikuwa kusogea kuelekea Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wengi waliona wameshakaribia kwao, wakatua hapo hapo. Kwa mtu wa Chiungutwa au Newala haya si mambo ya kitabuni tu: makanisa na shule kadhaa za huku zinaanzia kwenye msafara ule.

Msafara wenyewe uligharamiwa na watu ambao hawakuwahi kuiona Masasi, waumini wa parokia za Uingereza, na kilichowafungua mikoba ni masimulizi. Mtu au parokia iliweza kumlipia mtoto mmoja gharama za shule. Mwaka 1883 misheni ilianzisha jarida, Central Africa, la kuwapasha habari wachangiaji wake. Mwaka 1887 A. C. Madan wa misheni hiyo akachapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye simulizi za wavulana wa shule ya misheni huko Unguja: walivyotekwa, walivyouzwa, walivyofika mikononi mwa Wazungu. Waliandika wenyewe, naye akatafsiri.

Sina sababu ya kudhani walidanganya. Ninachouliza ni kama kijana anayekula, kulala na kusomeshwa na misheni angeweza kumwambia mwalimu wake, "Hapana, hili la mama yangu sitaki lisomwe." Ridhaa inayoombwa na mwenye chakula kwa mwenye njaa ina kasoro hata pale inapotolewa kwa tabasamu. Hilo ndilo tatizo la msingi la fani ya kuchangisha kwa masimulizi ya waliookolewa, na tangu siku za Madan halijaondoka.

Leo mashirika makubwa ya misaada yana hesabu inayochochea tatizo hilo. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Small, Loewenstein na Slovic, walitoa matokeo ya jaribio rahisi. Washiriki walipewa dola tano, kisha wakaombwa kuchangia. Waliopewa habari za Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa walitoa 1.14. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa 1.43. Yaani ukweli wa ziada ulipunguza mchango! Mtaalamu wa kuchangisha akishaijua hesabu hiyo, kishawishi chake ni kupunguza: baba aondoke kwenye habari, mwalimu aondoke, zahanati iondoke. Shangazi aliyesimama kando ya mtoto ataombwa asogee kidogo, asiingie kwenye picha.

Kila kilichobaki kwenye picha hiyo ni kweli. Mwanamke wa uwanda wa Makonde akipigwa picha na ndoo kichwani akipanda mteremko, hakuna aliyetunga kitu. Maji ya juu ya ardhi ni haba huku, na mabonde yako mbali. Lakini tangazo likimwonyesha kama mtu anayemngoja mgeni tu, limefuta mradi wa maji wa Makonde, kamati ya maji ya kijiji chake na korosho alizouza msimu uliopita. Limemchukua mama mwenye shughuli zake likamfanya mhitaji asiye na jana wala kesho.

Wanaoonyeshwa huliona hilo haraka kuliko wanaochanga. Machi 2012 shirika la Invisible Children la Marekani lilitoa filamu ya Kony 2012, kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, ikatazamwa mara milioni mia moja kwa muda wa siku chache. Ilipoonyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu waliopoteza ndugu katika vita ya waasi hao, walikasirika, wengine wakarusha mawe. Walitarajia kujiona, wakamwona mtengenezaji wa filamu na mwanawe.

Upande wa fedha upo mfano wa heshima. Siku chache baada ya tsunami ya Desemba 2004, Madaktari Wasio na Mipaka waliwaambia wachangiaji kwamba fedha za janga hilo zimetosha, wasitume zaidi kwa ajili yake. Wenzao katika fani waliwalaumu. Mimi nadhani walilaumiwa kwa kusema kile ambacho wengine walikijua pia.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu inaingia humo. Sheria peke yake haitamfikia mgonjwa aliye kwenye foleni ya dawa. Anayeomba ridhaa asiwe yule anayegawa dawa, na aombe baada ya huduma, si kabla. Maneno yatakayoandikwa chini ya picha yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mhusika. Ridhaa iwe na tarehe ya mwisho. Mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka saba aulizwe upya akifika 18, na akikataa picha ishushwe, hata kama ndiyo iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote.